Laki sita na nyumba ya kampuni, au milioni moja na nusu mgodini? Naomba ushauri

Fundi wa Korona

Wakuu, salamu. Nina siku kumi za kujibu simu moja, na kila nikikaa kuamua napata jibu tofauti na la jana. Naandika yote kama yalivyo ili anayenishauri asinishauri gizani.

Nina miaka 38. Ni fundi umeme kwenye kiwanda cha kuchakata mkonge wilaya ya Korogwe, miaka 11 imetimia. Nilianza kama kibarua wa kuvuta waya, nikaajiriwa, na tangu 2019 mimi ndiye msimamizi wa umeme wa kiwanda chote: mota za korona (mashine inayokwangua majani ya mkonge zibaki singa, yaani nyuzi), pampu za maji, mashine za brashi, taa za kambi, mpaka king'ora cha kuingilia kazini. Mshahara ni 620,000 kabla ya makato. Mkononi inafika 518,000.

Najua wengi mkiona hiyo tarakimu mtaniambia niondoke bila kugeuka nyuma. Ila kuna ninayoyapata nje ya mshahara. Nakaa nyumba ya kampuni, vyumba vitatu, kuta za mawe za zamani, joto la Januari halipenyi. Silipi kodi, maji wala umeme. Nyuma nimepewa ekari moja na nusu ya kulima mahindi na mihogo. Msimu uliopita nilivuna magunia 7 na hatukununua unga mpaka karibu na Krismasi. Shule anayofundisha mke wangu ni dakika 20 kwa miguu. Mama yangu yuko kijiji cha jirani, ana presha na sukari. Alhamisi ya kwanza ya kila mwezi nampakia kwenye pikipiki nampeleka kliniki, saa nne nimesharudi kiwandani. Meneja hajawahi kuninyima ruhusa hiyo.

Na kazi yenyewe naipenda, sitaki kuficha. Korona ikiwa inakula majani huwezi kusikia mtu anayekusemesha ukiwa umesimama naye, lakini mota naisikia. Beringi ikianza kuchoka sauti inakuwa kama ina mchanga ndani. Naweka ncha ya bisibisi kwenye kifuniko cha mota, mpini sikioni, najua ni beringi ya mbele au ya nyuma. Agosti mota ya pampu kubwa iliungua, na bila maji korona haichakati kitu. Tuliisuka upya mimi na kijana mmoja kwa usiku mbili, tukaipaka vanishi, tukaikausha kwa balbu tulizozipanga ndani ya pipa. Asubuhi ya tatu maji yalipanda, na singa zikaanza kutoka upande wa pili, zinang'aa. Nilikaa chini pale pale kwenye zege nikaziangalia zinavyotoka.

Sasa simu. Rafiki niliyesoma naye VETA yuko Geita. Kupitia yeye, mkandarasi mmoja anayefanya kazi ndani ya mgodi aliniita kwenye usaili. Nikaenda, nikafanya mtihani wa vitendo wa saa mbili, nikafaulu. Wanasema 1,450,000 kwa mwezi, mkataba wa miaka 2, zamu ya wiki 4 kazini na wiki 2 nyumbani. Kulala na kula kambini ni juu yao.

Mahitaji ninayo. Binti yetu wa kwanza yuko kidato cha tatu, wa pili anaingia la saba. Tunajenga nje kidogo ya mji wa Korogwe, nyumba imefika kwenye linta na ni mwaka wa pili imesimama hapo hapo. Mke wangu alichukua mkopo wa benki kwa ajili ya ujenzi huo, anakatwa hadi 2028.

Na kuna hili moja linaloniumiza zaidi ya pesa. Kwenye chumba cha usaili waliniweka mbele ya paneli ambayo nusu ya vilivyomo sijawahi kuvishika. Inveta za kubadilisha kasi ya mota, PLC (kompyuta ndogo ya kuongoza mitambo), vihisi vya kila aina. Nilifaulu kwa sababu hitilafu waliyoitega ilikuwa kwenye kontakta, ile swichi ya sumaku. Ingekuwa kwenye inveta ningebaki naitazama. Mimi bado nawasha mota kwa sta-delta, njia ya zamani ya kuianzisha kwa nguvu ndogo kisha kamili, kama nilivyofundishwa 2009.

Naomba mnisaidie kufikiri. Tofauti ya 830,000 kwa mwezi inatosha kuacha haya yote?

---

Dereva wa Segera

Kaka, mkataba umeuona kwa macho yako au umeambiwa kwa simu? Usiandike barua ya kuacha kazi kabla karatasi haijafika mkononi mwako na sahihi ya mwajiri iko juu yake. Nimebeba abiria wengi waliokuwa wanakwenda kazini, wakarudi na begi lile lile baada ya wiki mbili.

---

Binti Makambako

Mimi nakuambia nenda.

Nilikuwa mtunza stoo kwenye kiwanda cha chai Nyanda za Juu Kusini, miaka 8. Na mimi nilikuwa na nyumba ya kampuni, bustani, jirani anayenishikia mtoto. Nilipopata kazi ya stoo Dar kwa mshahara wa mara mbili, nililia wiki nzima kabla ya kukubali, na mama yangu alinikasirikia. Mwaka wa pili nikiwa Dar, kile kiwanda kilipunguza watu. Wenzangu niliowaacha walipewa miezi mitatu kuhama kwenye zile nyumba. Mmoja wao, dada niliyekuwa namheshimu sana, alinipigia kuniuliza kama nafahamu pa kuanzia maisha. Alikuwa na miaka 46, na alijua kazi ya kiwanda kile tu.

Nyumba ya kampuni si yako, kaka. Shamba la kampuni si lako. Siku mkonge ukishuka bei utaambiwa uache funguo getini. Ufundi ulioko mikononi mwako ndio utakaoondoka nao. Umesema mwenyewe hujui inveta. Ukiwa na 38 usipojifunza, utajifunza lini? Mimi hilo peke yake lingenitosha.

---

Karani wa Mishahara

Nafanya kazi ya mishahara kwa miaka 14, naomba tuanze na hiyo 830,000, kwa sababu haipo.

Kwenye 1,450,000 utakatwa NSSF asilimia 10, yaani 145,000. Inabaki 1,305,000 ya kutozwa kodi. Kwa viwango vya sasa vya TRA, aliyevuka milioni moja analipa 128,000 na asilimia 30 ya kile kilichozidi. Kodi yako inakuwa 219,500, na mkononi unapata 1,085,500. Leo hii kodi yako ni 27,600 tu, NSSF 62,000, na ile 12,400 inayobaki naamini ni ada ya chama cha wafanyakazi, asilimia 2. Kwa hiyo tofauti halisi ya mkononi ni 567,500. Bado ni pesa ya maana, lakini si 830,000.

Hapo nimechukulia kwamba 1,450,000 yote ni mshahara unaolipwa kila mwezi. Kwa wakandarasi mara nyingi haiko hivyo. Waulize mshahara wa msingi ni kiasi gani, posho ni kiasi gani, na posho inalipwa ukiwa nyumbani au ukiwa kazini tu. Waulize pia michango ya NSSF inakatwa kwenye jumla au kwenye msingi peke yake.

Angalia vilevile mkataba umeandika umeajiriwa wapi. Wengi wanaruka mstari huo. Mwajiri anawajibika kukurudisha mahali ulipoajiriwa kazi ikiisha, na kampuni nyingi zinautumia mstari huo huo kuamua nauli ya zamu. Ikiandikwa Geita kwa kuwa usaili ulifanyika Geita, safari zote za kwenda Korogwe zitakuwa mfukoni mwako. Omba iandikwe Korogwe kabla hujasaini. Ukishasaini, hawatakusikiliza.

Na unachoacha: ukiacha kazi mwenyewe, kile kiinua mgongo cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 hukidai. Ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka, mwisho miaka 10, na kinamhusu aliyeachishwa na mwajiri. Kwako zingekuwa siku 70. Soma mkataba wa hali bora wa hapo kazini kwenu, yaani makubaliano ya chama na mwajiri, baadhi ya mashamba yana malipo ya utumishi wa muda mrefu yaliyo mazuri kuliko sheria. Notisi kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28. Huko uendako, miezi 6 ya kwanza ukiachishwa huwezi kwenda CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi) kudai umeachishwa isivyo halali.

Mwisho, chukua taarifa yako ya NSSF wiki hii, hata kama huendi popote. Pensheni inataka michango ya miezi 180. Hesabu miezi iliyomo, usihesabu miaka uliyofanya kazi. Kibarua wengi hawakuwa wanachangiwa.

---

Mzee wa Kahama

Mdogo wangu, nimefanya kazi kwa wakandarasi wa migodini miaka 6, Kahama kisha Geita, upande wa mitambo. Nakueleza nilichokiona mimi.

Kazi ni saa 12. Kwenye zamu yetu tulifanya wiki mbili mchana na wiki mbili usiku. Usiku wa tatu ndio mgumu kuliko yote, mwili bado haujakubali. Getini unapuliza kifaa cha kupima pombe kila siku, na hata bia ya jana jioni inaweza kukurudisha nyumbani moja kwa moja. Kabla ya kuajiriwa unapimwa afya: masikio, macho, mapafu. Wewe umekaa na kelele za korona miaka 11, nenda kapime masikio yako kwa hiari yako mapema, usiende kuyajulia huko.

Mazuri yake ni haya. Kila fundi ana kufuli lake lenye jina lake. Kabla ya kugusa mtambo unazima umeme, unafunga swichi kwa kufuli lako, ufunguo mfukoni, halafu unajaribu kuuwasha uone kama kweli umekufa. Kama mko watano, makufuli ni matano, na hakuna mkubwa yeyote anayeruhusiwa kulivunja lako kwa sababu ana haraka. Nilikotoka tulikuwa tunamwambia mtu "shika hapo usiwashe" kisha tunaingiza mkono. Nilishika kufuli langu siku ya kwanza nikajiona mtu anathamini kama nitarudi nyumbani. Na ufundi nimeupata kweli. Niliingia najua kufungua boliti, nilitoka nasoma michoro.

Mabaya yake: mwajiri wako si mgodi. Ni mkandarasi, na mkandarasi anaishi kwa tenda. Sisi mwaka 2021 tenda iliisha, ikachukuliwa na kampuni nyingine. Tulirudisha vitambulisho asubuhi moja, watu zaidi ya mia. Baadhi waliajiriwa na aliyechukua tenda, kwa mshahara wa chini. Kwa hiyo mkataba wako wa miaka 2 uulize pembeni yake swali jingine: tenda ya mkandarasi inaisha lini? Kama imebaki miezi 9, basi ajira yako ina miezi 9.

Safari si mbaya kama zamani. Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kutoka Mwanza hamkai tena kusubiri kivuko. Lakini Korogwe iko mbali. Katika wiki zako 2 za nyumbani toa siku tatu hadi nne za barabarani na uchovu wake. Niulize chochote, nitajibu.

---

Mama Wawili

Shemeji, mume wangu yuko kwenye zamu za namna hiyo mkoani Mara, mwaka wa tano sasa. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Umetuambia mota inaliaje, umetuambia kuta za nyumba, umetuambia meneja. Hujatuambia mkeo amesema nini.

Nitakueleza upande wa anayebaki. Mtoto wetu wa pili akiumwa usiku, mimi ndiye ninayemfunga mgongoni na kutafuta bodaboda. Simu ya baba yake inapatikana saa anazopumzika tu. Akirudi, siku tatu za kwanza analala, mwili uko bado kwenye zamu ya usiku, na sisi tunatembea kwa vidole ndani ya nyumba. Siku ya nne anaanza kuwa baba. Mdogo alipokuwa na miaka mitatu alikuwa akimwona tu mlangoni anauliza, "Baba unaondoka lini?" kabla ya shikamoo. Mume wangu alienda kukaa uani peke yake siku ile.

Sisemi usiende. Tumejenga. Bati liko juu, tenki la maji lipo, mkubwa anasoma bweni na ada imelipwa. Bila zamu zile tusingefika hapa na sijutii. Lakini tulikaa chini wawili tukapanga: miaka sita, nyumba na ada, kisha anarudi. Tarehe imeandikwa nyuma ya mlango wa kabati. Bila ile tarehe nisingeweza.

Na mama yako, nani atampakia kwenye pikipiki hiyo Alhamisi? Mama mkwe wangu alikataa kubebwa na kijana asiyemfahamu, akakosa dawa miezi miwili bila sisi kujua.

---

Fundi wa Korona

Ndugu zangu, asanteni. Shemeji Mama Wawili, maneno yako yamenikaa. Ni kweli, mke wangu nilimwambia nimepata kazi, sikumuuliza. Jumamosi jioni nilimuuliza. Alikuwa anasahihisha madaftari, akaweka kalamu chini akaniambia, "Umewauliza watu wote kabla yangu." Sikuwa na la kusema. Nikamwomba radhi.

Kisha akachukua daftari jipya la hesabu, lile la mraba mraba, akachora mstari katikati.

Siku hiyo hiyo nilikuwa nimewaandikia Geita kuomba nakala ya mkataba, kama alivyosema Dereva wa Segera. Ilikuja Jumatatu kwa simu, kurasa 9. Karani, uliona mbali. Mshahara wa msingi ni 900,000. Ile 550,000 ni posho ya kuwa kambini, inahesabiwa kwa siku 28 za zamu, yaani kama 19,600 kwa siku. Siku nilizo nyumbani hailipwi. Mahali pa kuajiriwa: Geita. Nauli haijatajwa popote.

Tukakaa na mke wangu tukapiga hesabu. Katika kila siku 42 nitakuwa kazini 28, kwa hiyo kwa mwezi wa kawaida ni siku 20. Posho inashuka hadi karibu 390,000, jumla 1,290,000. Baada ya NSSF na kodi inabaki kama 984,700. Ukilinganisha na leo, nyongeza ni 466,700.

Upande wa pili wa mstari akaandika yeye. Nyumba ya kampuni tutaiacha, kupanga karibu na shule yake ni 120,000. Umeme na maji 35,000. Unga ambao leo hatununui, tukiugawa kwa mwezi 40,000. Mtu wa kumwangalia mama na kumpeleka kliniki 60,000, na mama atakayekubali ni binamu yangu mmoja tu. Nauli ya kwenda na kurudi 150,000 kwa kila zamu, kwa mwezi ni kama 107,000. Jumla 362,000.

Imebaki 104,700. Nimeirudia mara tatu.

Taarifa ya NSSF nimeichukua pia. Miezi iliyomo ni 124. Ile ya ukibarua haimo kabisa. Inabaki 56 kufika 180, nami nilikuwa najipigia hesabu ya 48.

---

Karani wa Mishahara

Nimepitia hesabu yenu, iko sawa. Mwambie mwalimu nimemvulia kofia.

Ongeza jambo moja: mkataba unasema NSSF inakatwa kwenye kiasi gani? Kama ni kwenye 900,000 peke yake, mkononi utaona pesa zaidi kidogo sasa, na uzeeni utaona pungufu. Na jaribu kuomba mahali pa kuajiriwa pawe Korogwe. Hapo peke yake pana 107,000.

---

Binti Makambako

Nimeona hesabu. Hata hivyo, kwangu laki moja na ufundi mpya ni zaidi ya sifuri na sta-delta. Na ile nyumba ya kampuni mmeihesabu kama mtakaa nayo milele. Nyumba yenu ikiezekwa, ile 120,000 inaondoka kwenye upande wa hasara. Msiangalie mwezi mmoja, angalieni miaka 3.

---

Mzee wa Kahama

Binti Makambako ana hoja. Ila fundi, tenda inaisha lini? Umeuliza?

---

Fundi wa Korona

Nimeuliza, mzee wangu. Aliyenijibu alisema hilo ni suala la uongozi. Nikamuuliza rafiki yangu aliyeko huko, akaniambia minong'ono ni katikati ya mwaka ujao, hakuna mwenye uhakika. Nikaomba mahali pa kuajiriwa pabadilishwe pawe Korogwe. Jibu: mkataba ni mmoja kwa wote.

Binti Makambako, hoja yako ya paa ndiyo iliyotuchukua jioni mbili. Mke wangu alisema hivi: hatuwezi kutoka nyumba ya kampuni kwenda nyumba ya kupanga halafu tukasema tunaondoka ili tujenge, kodi italiwa na mwenye nyumba mwingine na linta itabaki linta. Tuezeke kwanza. Mbao tayari tunazo, nilizinunua mwaka jana nikazipaka dawa, ziko kwa mama chini ya banda. Yanatakiwa mabati 64, misumari na fundi. Tukiuza mahindi ya msimu huu badala ya kuyala yote, na bonasi ya Desemba ikitoka, tunaweza kufunga bati kabla ya mvua za Machi. Siku nyumba yetu ina paa, siku hiyo kampuni ikisema tuhame, tunahama. Na kazi kama hii ya Geita ikija tena, au nyingine, naweza kuipokea nikiwa nasimama kwenye ardhi yangu. Yeye yuko tayari kwa zamu. Kasema mwenyewe, na akataka tarehe ya mwisho iandikwe, shemeji, kama mlivyofanya ninyi.

Kwa hiyo Ijumaa saa tatu asubuhi niliwapigia Geita nikawaambia siwezi kusaini mkataba huu. Yule dada wa utumishi alikuwa mstaarabu, akasema jina langu litabaki kwenye orodha. Nilipokata simu mkono ulikuwa unatetemeka. Sijatulia mpaka leo, nisiwadanganye. Nikiwaza ile paneli usiku sipati usingizi.

Jumatatu nikaenda kwa meneja. Sikumtishia. Nilimwonyesha nimekwenda kwenye usaili na nimefaulu, nikamwambia kilichonirudisha na kilichonipeleka. Mshahara utakuwa 680,000 kuanzia Januari, hilo ameliandika. Kuhusu ile miezi ya ukibarua, amesema ofisi itatafuta daftari za malipo za wakati huo. Nimeomba kwa barua na nakala iko kwa katibu wa tawi la chama. Kuhusu mafunzo amesema tutaona, na sikuridhika na jibu hilo, kwa hiyo nimeamua kujilipia kozi fupi ya PLC na inveta, Jumamosi na Jumapili, kwa kuanzia Februari. Kwenda Tanga na kurudi siku hiyo hiyo inawezekana.

Mzee wa Kahama, umesema niulize chochote. Nataka kununua inveta ndogo iliyotumika, ya mota ya kilowati 1.5 au 2.2, niifunge mezani nyumbani niichezee kabla kozi haijaanza. Nimeambiwa Mwanza na Kahama zinapatikana zile zinazotolewa kwenye mitambo iliyokufa. Je, nitajuaje kuwa bado ni nzima kabla ya kuilipia, wakati muuzaji hana umeme wa fezi tatu pale dukani? Na kuna inayokubali kuingiziwa fezi moja?

---

Mzee wa Kahama

Zipo, mdogo wangu. Ndogo za hadi 2.2 nyingi zinatengenezwa za kuingiza fezi moja ya voti 230 na kutoa fezi tatu za 230. Soma kibao chake ubavuni, palipoandikwa pa kuingizia. Ila mota yako lazima ifungwe delta, usiifunge sta, la sivyo itakosa nguvu.

Dukani bila fezi tatu: chukua mita yako, iweke kwenye diodi. Pima kutoka kila mlango wa kuingilia kwenda kwenye chanya na hasi za ndani, halafu kila mlango wa kutokea vivyo hivyo, kisha geuza nyaya upime tena. Upande mmoja inatakiwa isome kidogo, upande mwingine isisome kitu. Ikisoma sifuri pande zote mbili, imeshapasuka ndani, mrudishie. Kapasita zake zitazame juu kama zimevimba. Na ikiwa ilikuwa kwenye umeme muda si mrefu, subiri dakika kumi kabla ya kuingiza mkono, ndani inabaki na chaji.

Nina moja ya 1.5 stoo, niliitoa kwenye pampu mwaka juzi, kioo chake kina ufa lakini inafanya kazi. Nitumie ujumbe wa faragha. Nitatafuta basi linalopita Korogwe, nimkabidhi kondakta. Nauli ya mzigo utalipa wewe, inveta yenyewe usinilipe.